Dada Aliyekataa Kisu

9 Januari

Dada yangu Povu,

Salamu nyingi kuliko nguo chafu za hosteli yako. Mimi ni mzima, kwa uzima wa mtu anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki. Wifi yako naye mzima, anakusalimu, na anasema unga uliotuma umefika ila mfuko ulikuwa unanuka sabuni. Nimemwambia kila kitu kinachotoka kwako kinanuka sabuni, hata matusi.

Ulisema tuandikiane, simu huitaki, kwa sababu kwenye simu nakuchekesha mpaka salio linaisha na hujajua lolote. Haya basi. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha kusafishia damu. Mkono wa kushoto umechomwa sindano mbili, wa kulia uko huru. Damu inatoka, inazunguka kwenye mtambo wenye ukubwa wa kabati, inarudi. Chumba kina viti sita na televisheni moja. Kulia kwangu yuko mwalimu mstaafu, kazi yake ni kuwasahihisha watangazaji. Kushoto alikuwa dereva wa kreni. Tangu wiki iliyopita kiti chake kina mtu mwingine, na hakuna aliyeuliza.

Habari kubwa ni kwamba majibu ya vipimo vyako yametoka. Figo yako inanifaa. Tumekatwa kwenye jora moja, dada. Hayo ni maneno yangu, daktari alitumia mengine marefu.

Sasa sikiliza. Kuna njia mbili za kukutoa hiyo figo. Ya kwanza ni ya Mzee Mkasi, ndivyo nilivyombandika jina. Ni mpasuaji wa siku nyingi, mikono mikubwa, anaongea kama mtu anayehesabu punje za mchele. Anakulaza ubavu, anakata kuanzia chini ya mbavu kuja mbele, kiganja na nusu, na pengine inambidi aondoe kipande cha ubavu ili apate njia. Figo anaitoa kwa mkono wake. Unalala hospitali wiki nzima, na miezi mitatu hunyanyui hata ndoo.

Ya pili ni ya Daktari Miwani, kijana. Huyu anatumia roboti, mashine yenye mikono minne ya chuma. Mikono inaingia tumboni kwa vitobo vidogo kama matundu ya vifungo. Yeye mwenyewe hakugusi. Anakaa pembeni chumbani humo humo, kichwa amekiingiza kwenye kiboksi anaangalia ndani yako, vidole kwenye vishikio, miguu kwenye pedali. Pedali, dada! Walipotuonyesha nilicheka mpaka muuguzi akanipima presha. Mtu amesoma miaka ishirini akaishia kwenye cherehani kama mimi. Mwisho anafungua njia fupi chini ya kitovu, figo inatokea hapo. Baada ya siku tatu uko nje, na kovu lenyewe linafichika.

Kwangu mimi ni mamoja. Figo ni ile ile na nitawekewa vile vile. Tofauti yote iko tumboni kwako.

Mzee Mkasi ana nafasi mwezi wa pili. Mashine ina foleni, labda mwezi wa nne. Nimeshawaambia tutasubiri mashine. Kawia ufike.

Mwenye hosteli amesemaje kuhusu ruhusa yako?

Mdogo wako,
Uzi


2 Februari

Mdogo wangu Uzi,

Barua yako imechelewa kwa sababu dereva wa lori la sabuni aliisahau mfukoni na mkewe akalifua shati. Ukurasa wa pili umefifia, lakini nguo zilizofifia ndiyo kazi yangu, nimeusoma wote.

Hatujambo. Binti yangu Chiriku amepata ujumbe wa mwalimu wake kwamba ana akili ila mdomo hauna mlango. Nimemwambia amerithi kwa mjomba wake. Mvua imeangusha ukuta wa uwanja wa kuanikia, kwa hiyo wanafunzi wa uuguzi wanapita na kuona shuka zao wenyewe zilivyo, na wameanza kuwa na adabu. Mashine ya kukamulia imekufa. Mablanketi tunayakamua wawili wawili, mmoja huku mmoja kule, kama tunagombania.

Sasa mambo yetu. Nani alikutuma uchague? Nimeirudia sentensi yako: "Nimeshawaambia tutasubiri." Tutasubiri, wewe na nani? Mwenye tumbo hakuulizwa, mwenye mdomo kajibu.

Sisemi naikataa mashine. Ukiniwekea vitobo vinne huku na mkato wa kiganja na nusu kule, sina haja ya kupiga ramli. Lakini mtu mwenye akili atauliza pia: anayesubiri anaweza kusubiri? Hukuniambia kama miguu inavimba. Hukuniambia unalalaje. Mwalimu mstaafu umemwandikia mistari mizima, na wewe mwenyewe "ni mzima". Uzi, nimekulea, naujua huo uzima wako. Ulivunjika kidole ukaenda shule umekificha mfukoni wiki nzima.

Kisu sikipendi, unajua. Usinikumbushe mama na mimi sikukumbushi. Lakini kutopenda ni jambo moja, kukataa ni jambo jingine. Muulize Mzee Mkasi kama nafasi yake bado ipo.

Chiriku anakusalimu, anauliza kama ile mashine inaongea.

Dada yako


25 Februari

Dada Povu,

Mwambie Chiriku mashine haiongei, ndiyo maana hospitali imeipenda.

Wifi yako ameanza kuuza maandazi ofisi za jirani na anarudi ndoo tupu kila siku. Mimi dukani naenda asubuhi zile nisizosafishwa. Sare za shule zote amechukua Kipara, mwenzangu wa meza ya pili. Ameniachia vifungo na pindo. Nakaa pale kama mke mkubwa, naheshimiwa na sipewi kazi.

Nafasi ya Mzee Mkasi imepita, ameshapewa mtu mwingine. Na mashine nayo imeleta maringo, mkono mmoja kati ya ile minne umegoma na kipuri kinaagizwa nje. Wanasema mwisho wa mwezi wa nne, au wa tano. Usijali. Cherehani nzuri ndiyo inayosumbua, mbovu haina hata cha kuharibika.

Ukiona mwandiko umepinda usishtuke. Wamenibadilishia upande wa kusafishia, basi.

Hujanijibu habari ya mwenye hosteli. Umeliruka swali kama dimbwi.

Mdogo wako,
Uzi


11 Machi

Uzi,

Hatujambo wote, na salamu zimetosha.

Nimemuuliza mwanafunzi mmoja wa uuguzi hapa hosteli maana ya mtu kubadilishiwa upande. Alikuwa anacheka na wenzake, akaacha kucheka. Ameniambia ule mshipa wa mkononi ukiziba, wanakupitishia mpira kifuani, mpira unakwenda mpaka karibu na moyo, na mpira huo ndio mlango wa wadudu. Akaniuliza ni nani. Nikasema mtu tu.

"Basi", ndivyo ulivyoandika. Mpira kifuani, basi.

Wewe unaniambia kawia ufike. Na mimi nakuambia ngojangoja huumiza matumbo, na safari hii tumbo lenyewe ndilo linalosema lisingojewe. Mashine ikipona wawafanyie wengine. Nakuandikia kwa herufi kubwa ili hata lori likiifua barua isomeke:

NIMEKUBALI KUPASULIWA KWA MKONO. MWAMBIE MZEE MKASI NAKUJA SIKU ATAKAYOSEMA.

Wakitaka kuondoa ubavu waondoe, mbavu ninazo nyingi. Nimebeba mablanketi mabichi tangu hujaota ndevu, mkato wa kiganja na nusu hautaniua.

Nitumie namba ya muuguzi anayeshughulikia wagonjwa wa figo. Ile niliyopewa nilipokuja kupimwa inaita mpaka inachoka.

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Samahani kwa kukawia kujibu. Tulikuwa na mambo mengi. Wifi yako aliungua mkono kwa mafuta, sasa anaendelea vizuri. Kipara anakusalimu, ameoa tena, hajifunzi.

Ujumbe wako nimewafikishia. Wamekaa, wamejadiliana, wamesema kwako wewe mtu wa kazi nzito mashine ndiyo salama zaidi, tuvumilie kidogo. Wao ndio wataalamu, sisi nani? Kipuri kimefika, anasubiriwa fundi wa kukifunga.

Namba ya yule muuguzi nimeitafuta, amehamishwa wodi. Nikiipata nitakutumia.

Kiti cha mwalimu mstaafu sasa anakaa mama mmoja mkimya. Televisheni inakosea na hakuna wa kuisahihisha.

Uzi


6 Mei

Uzi,

Pole kwa wifi, apake asali, asisikilize majirani.

Kama madaktari wenyewe wamekaa na wakasema hivyo, sina la kuongeza. Sijafurahi, lakini sina la kuongeza. Chiriku amekuchorea ile mashine, ameipa macho na hereni.

Ninalala na simu mkononi ingawa siipendi. Siku yoyote wakisema njoo, naja.

Dada yako


27 Mei

Dada Povu,

Anaandika wifi yako, maneno ni yangu. Nina homa ndogo tu, mikono inatetemeka na sitaki useme naandika kama kuku.

Tumepata tarehe. Mashine imepona, Daktari Miwani ameijaribu na inafanya kazi. Ni tarehe kumi na sita Juni. Njoo siku mbili kabla wakupime tena. Usilete zawadi, lete figo.

Nimeanza kufikiria suruali nitakayoshona nikipona. Kiuno nimepungua, itabidi nijipime upya.

Uzi

Wifi, hapa ni mimi peke yangu, yeye amelala. Homa si ndogo. Njoo mapema ukiweza.


28 Juni

Uzi,

Nilifika nyumbani salama. Chiriku hajambo. Mengine yote hapa yapo kama nilivyoyaacha.

Wifi ameniambia sasa unaweza kusoma kidogo mchana, kwa hiyo nakuandikia nilichoshindwa kukuambia pale kitandani.

Barua yenu ilichelewa kunifikia, kwa hiyo nilikuja ile tarehe kumi na nne na begi langu, nimekata kucha, nimefunga kula kama walivyoagiza. Muuguzi akanipeleka sipo nilipotegemea. Akanionyesha chumba chenye mlango wa kioo na wewe ndani, mipira minne imekuingia, midomo imekauka. Ukafungua jicho moja ukasema, "Umeleta sabuni?" Ukalala tena. Wakaniambia wadudu wamepita kwenye ule mpira wa kifuani, wameshika moyo, upasuaji umefutwa. Nikaketi. Nilikaa na wifi siku zile mbili, tukibadilishana kiti.

Siku ya pili nilikutana na Mzee Mkasi kwenye korido. Nilimjua kwa mikono. Nikamsalimu, nikamwambia mimi ni dada wa yule fundi cherehani. Akaniangalia kwa upole, Uzi. Huo upole ndio ulionitisha.

"Aha," akasema. "Wewe ndiye dada aliyekataa kisu."

"Nani kakataa?"

"Usione vibaya, mama. Hakuna aliyekulaumu. Mdogo wako alituambia mwezi wa kwanza, mwezi wa nne nikamuuliza mwenyewe tena kwa sababu hali yake ilikuwa inanitia wasiwasi. Akasema umesema kisu hapana, mashine tu."

"Na mimi mbona hamkuniuliza?"

"Hapa mtoaji hasukumwi. Akisema hataki, hatumpigii simu, hatumuulizi mara ya pili, asije akakubali kwa kuona haya. Ndiyo heshima tunayompa."

Nikamwambia niliandika kwa herufi kubwa. Hakuelewa naongea nini. Nikamuuliza, kama ungenipata mwezi wa tatu, ungenipasua lini? Akajibu bila kufikiria, akasema wiki ile ile. Ndipo nikamwona anafikiria, na akatamani alirudishe lile jibu.

Nikamwambia nipasue sasa hivi, nimefunga kula tangu jana. Akanishika bega. Akasema figo yangu haina kasoro, ila hakuna pa kuiweka. Akasema, "Moyo wake hautavuka meza ya upasuaji."

Nikarudi chumbani. Ulikuwa umelala. Sikukuamsha. Niliondoka siku iliyofuata kwa sababu ningekaa ningekupiga, na mgonjwa hapigwi.

Nataka kujua kitu kimoja tu. Kwa nini?

Dada yako


6 Julai

Dada,

Leo naandika mwenyewe. Inachukua muda, naandika mistari miwili napumzika. Wifi yako yuko kwenye kiti, amelala mdomo wazi. Usimwambie nimesema.

Unakumbuka ule mkanda aliofunga mama baada ya kupasuliwa tumbo? Wewe ulikuwa umeshaolewa, ulikuwa unauona ukija kututembelea. Hukujua nani aliushona. Ni mimi. Nilikuwa darasa la nne. Mshono wa tumbo lake ulikuwa umeachia kwa ndani, akisimama utumbo unasukuma ngozi, akiinua ndoo inambidi ashike tumbo kwa mkono mmoja kama mtu anayeficha kitu. Nikachukua turubai, nikalikunja mara tatu, nikalishona kwa mkono kwa sindano ya magunia. Mshono wangu wa kwanza duniani ulikuwa ule. Watu wananisifia kwamba nimezaliwa na kipaji. Sikuzaliwa nacho, nilikipata kwenye tumbo la mama. Na alikufa akiwa ameufunga.

Basi aliposema Mzee Mkasi "kiganja na nusu", sikuona mkato wako, niliona mkanda. Nikakuona kwenye lile beseni la saruji, umeinua blanketi bichi, umeshika tumbo.

Nikapiga hesabu, dada. Nikasema siku za kungoja ni zangu, tumbo ni la Povu. Nikatumia kilicho changu. Nilidhani ninazo nyingi. Hata mpira ulipoingia kifuani niliona bado zipo, wapo waliokaa nao mwaka.

Barua yako ya herufi kubwa niliisoma kwenye kiti, damu ikiwa nje. Nikaikunja nikaikalia. Nilijua wakikuuliza utasema kateni. Ndiyo maana sikutaka wakuulize. Namba ya muuguzi ninayo, nilikuwa nayo siku zote.

Unataka niseme najuta. Nikiwaza tumbo lako halina alama, moyo huu mbovu unafurahi kweli. Nikimtazama huyu aliyelala kwenye kiti, nakosa pa kuweka uso. Sijui hiyo inaitwaje. Kama hiyo ni kujuta, najuta.

Daktari anapokuja siku hizi anaongea na wifi yako nje ya mlango. Wamesahau mlango ni wa kioo.

Usiponijibu nitaelewa.

Uzi


14 Julai

Kwa wifi: msomee yote. Usiruke mahali, hata nikiwa mkali. Akifumba macho endelea kusoma, huyo anasikia.

Uzi,

Hukunilinda. Ulininyima. Nataka hilo ulisikie kwanza, tuwe tumemaliza.

Ulikuwa mtoto, hukujua, na mimi sikufikiria kama hujui. Mama hakuharibiwa na mkato. Daktari alimwambia akae, na wiki ya pili akarudi kubeba maji kwa sababu hakukuwa na wa kumbebea. Baba alikuwa kazini, mimi nilikuwa kwa watu, wewe ndoo ilikuwa inakushinda. Mshono uliachia kwa upweke, si kwa kisu. Mimi si mama. Mimi ninaye Chiriku, ana mabega kama ya shangazi zake. Ninao wanafunzi wa uuguzi nyumba nzima, wangegombania kunifunga kidonda. Na ningekuwa na wewe. Mimi nikupe figo, wewe upone uje unibebee ndoo miezi mitatu. Tungekuwa tumelipana. Hiyo ndiyo hesabu, na wewe fundi wa vipimo ulinipima bila kuniita nisimame.

Mwili wangu, Uzi. Nimeulalia miaka arobaini na saba. Ulikuwa wa kwangu kuukata.

Sasa na mimi nikupe la kwangu, tusije tukadanganyana tena muda wenyewe umebaki huu. Uliniuliza mara mbili mwenye hosteli amesemaje, nikaruka. Alisema mwezi mmoja, ukizidi anaajiri mwingine. Kwa mashine ningewahi, kwa kisu ningekosa kazi. Niliandika zile herufi kubwa na nilikuwa namaanisha kila herufi. Lakini ulipojibu kwamba madaktari wamekataa, nilikasirika, halafu usiku nikalala usingizi mzuri. Ningeweza kupanda basi nikaja kuwauliza mwenyewe. Sikupanda. Nilikuamini kwa sababu kukuamini kulinifaa. Hilo wewe hukunifanyia, nilijifanyia.

Jana nilioga nikajitazama tumbo. Halina hata mkwaruzo. Nilikaa chini bafuni nikalia mpaka Chiriku akagonga mlango, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema neno.

Kazi nimeiacha. Nimemwambia mwenye hosteli kabla hajaniambia, nikaacha mablanketi yamelowekwa, atajua nani wa kuyakamua. Chiriku nimempeleka kwa jirani mpaka nirudi.

Nakuja Alhamisi. Figo sikuletei, hawaitaki tena. Nakuja na hasira zangu zote, zimenijaa mpaka hapa, na nakuja na mikono. Waambie wauguzi wasikuogeshe siku hiyo. Nitakuogesha mimi, nitakubadilishia shuka, nitazifua za kwao pia maana niliziona, hazijasuuzwa vizuri. Nitakaa kwenye kile kiti na wifi atalala kitandani kama binadamu. Tukibaki wawili nitakutukana, na wewe utanichekesha, na safari hii hakuna salio la kuisha.

Umeisubiri mashine nusu mwaka. Nisubiri mimi siku nne.

Dada yako